Kutoka Ulipokuwa Mti

Bi Eduviges aliniandikia anwani nyuma ya risiti ya duka la dawa:
*Kutoka ulipokuwa mti, mitaa miwili ziwani,
mmoja juu, geti la bluu.*
Mti gani? nikauliza.
Akacheka hadi meno ya bandia yakamcheza.
Mti haupo. Ulikwenda na tetemeko,
usiku ule Managua ilipolala imesimama
ikaamka imelala.
Haupo, lakini sote tunajua ulipokuwa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza dira upya:
kaskazini ni ziwani,
mashariki ni juu, jua linakopandia,
magharibi ni chini, linakoshukia.
Kusini peke yake imebaki kusini, haina cheo.
Nikapotea mara tatu.
Mara ya nne muuza maji ya mifuko akanishika kiwiko:
Geti hilo lilipakwa kijani tangu Pasaka.
Lakini uliza la bluu. Ukiuliza la kijani, hakuna alijuaye.

Matagalpa, juu ni juu kweli.
Magoti ndiyo yaliyoniambia.
Ukungu ulikuwa umeng'ang'ania mibuni, hautaki kuamka,
na Don Eliseo Zeledón anapima kahawa mbivu kwa debe,
anafuta juu kwa kiganja, polepole,
asimdhulumu mtu punje, asijidhulumu yeye.
Nilifunga kikapu kiunoni, nikachuma tangu alfajiri.
Saa tano debe langu halijafika nusu.
Yorleni, mwenye miaka tisa, alikwisha jaza mawili.
Akapita, akanimiminia konzi mbili, tatu,
macho yake yakiwa kwingine kabisa,
ili aibu yangu nibaki nayo mwenyewe.
Tukala mkate wa mahindi mabichi, mtamu, wa moto,
na jibini la chumvi ndani ya jani la mgomba.
Vidole vyangu vilinuka majani siku mbili.

Kisha kisiwa, Ometepe.
Milima miwili ya moto imeketi majini
kama ndugu waliogombea urithi:
mmoja amenyamaza,
mwingine bado anafuka.
Nikamsimamisha Yader, baiskeli yake imebeba mkungu wa ndizi
kama mtu anayembeba mgonjwa.
Niende ziwani au juu? nikauliza, kwa maringo ya mwenyeji.
Akanitazama kwa huruma.
Hapa kila upande ni ziwani.
Hapa unaupa mlima uso, au unaupa mgongo. Basi.
Nikaupa mgongo. Haikusaidia.
Shingo yangu ilijua upo.

Bluefields nilifika nimelowa,
saa mbili za mto kwenye boti ya kasi, chini ya turubai,
magoti ya jirani yakiwa mto wangu wa kulalia.
Mvua ya huko haianzi wala haiishi, hubadilisha sauti tu.
Nikatoa karatasi. Miss Verleen Hodgson akairudisha bila kuisoma.
Huku hakuna ziwa la kufuata. Huku tunataja mtu.
Sema, *Naenda kwa Verleen*, hata mbwa watakuleta.
Kimbunga kilichukua mabati, ngazi, kinanda cha kanisa.
Majina kiliyaacha. Labda yalikuwa mazito.

Kiingereza chake kilikuwa kimechemshwa na nazi,
pamoja na samaki, mihogo, ndizi mbichi,
vyote ndani ya sufuria moja, kifuniko kikinong'ona.
Akaniuliza: Na wewe, kwenu wapi?

Nikafungua mdomo nitaje mtaa, namba ya nyumba,
sanduku la posta.
Nikajisikia nikisema:
Kutoka alipokuwa mama, hatua chache,
upande wa juu.

Hakuuliza mama yuko wapi.
Alijua kusoma anwani.
Akanisogezea bakuli,
akanionya pilipili ile nzima, iliyoelea,
nisiiguse, niizunguke tu.